Nyumba ya Rezidenti Mjerumani na Daftari la Deni

Katika wilaya ya Nyarugenge, jijini Kigali, nyumba ya Richard Kandt, aliyekuwa rezidenti, yaani mwakilishi wa serikali ya Ujerumani nchini Rwanda, imegeuzwa makumbusho. Kwa miaka mingi ilitumika kuonyesha wanyama, mimea na mawe. Tangu 2017 imepewa kazi nyingine: kueleza Rwanda ilivyokuwa kabla ya Wajerumani, ilivyokuwa chini yao, na jinsi mji wa Kigali ulivyoanza. Nyoka bado wamo, kwa hiyo watoto nao hawakosi cha kutazama. Mkazi wa Bujumbura ana haki ya kuuliza hayo yanamhusu nini, kwa kuwa Kandt hakututawala sisi. Jibu langu ni kwamba yanatuhusu sana, maana kazi aliyoifanya yeye kule ilifanywa hapa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa zamani, na wenzake, kwa cheo kile kile na chini ya gavana mmoja aliyekaa Dar es Salaam. Na nyumba za watu hao zinastahili kutunzwa na kutembelewa kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na kuwasifu: ni ushahidi, na nchi yetu ina kesi inayohitaji ushahidi.

Kwanza tumfahamu mwenye nyumba. Kandt alizaliwa 1867 katika mji wa Posen, ambao leo uko Poland, katika familia ya Kiyahudi ya Kantorowicz, jina alilolibadilisha baadaye. Alisomea udaktari, akatibu wagonjwa wa akili, kisha akashikwa na hamu ya Wazungu wengi wa zama zake, yaani kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mwaka 1897 alianza safari ya bara, na 1898 akaifikia chemchemi ya mto Rukarara katika msitu wa Nyungwe. Alijenga kituo chake Shangi, kando ya ziwa Kivu, akakaa miaka akikusanya wadudu, mimea, wanyama na habari za watu, na 1904 akachapisha kitabu chake, Caput Nili. Mwaka 1907 serikali ikampa cheo cha rezidenti, naye akachagua Kigali kuwa makao. Wanyarwanda walimpa jina la Kanayoge. Vita vya kwanza vya dunia vilimkuta akiwa Ulaya, hakurudi tena, akafa Nuremberg mwaka 1918.

Cheo hicho cha rezidenti kinahitaji maelezo, kwani ndicho ufunguo wa habari yote. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, wilaya nyingi zilikuwa na mkuu wa wilaya aliyetawala moja kwa moja kupitia maakida na majumbe. Sehemu tatu, Bukoba, Rwanda na Urundi (Burundi ya leo), zilifanywa tofauti. Huko Wajerumani walikuta falme zenye nguvu na watu wengi, na wao wenyewe walikuwa wachache mno. Wakaona ni rahisi zaidi kumwacha mfalme katika kiti chake na kumwekea mtu kando. Mtu huyo alikuwa na sura mbili. Mbele ya mfalme alijitokeza kama balozi: alipeleka zawadi, alipokea wajumbe, alizungumza habari za urafiki na ulinzi. Nyuma ya maneno hayo palikuwa na askari na bunduki za rashasha, na mfalme alijua hivyo. Balozi wa kweli hufukuzwa anapochosha mwenyeji wake, rezidenti hafukuziki.

Burundi ililijua jambo hilo kwa gharama kubwa. Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo alikataa kwa miaka kuwa chini ya kituo cha kijeshi cha Usumbura. Mwaka 1903 Kapteni von Beringe alimwendea kwa vita, akawatumia wapinzani wa Mwami, Maconco na Kilima. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwezi alikubali masharti: atambue mamlaka ya Wajerumani, awatambue wapinzani wake hao wawili kuwa watawala wa sehemu zao, na alipe faini ya ng'ombe 424. Kinachochekesha, kama kuna la kuchekesha hapo, ni kwamba gavana von Götzen hakupendezwa hata kidogo. Yeye alitaka Mwami mwenye nguvu atakayetumika, na kapteni wake alikuwa amemvunja. Sera ikageuzwa. Von Grawert, aliyekuja kuwa rezidenti wa Urundi mwaka 1906, akamrudisha Mwezi mahali pake. Maconco aliuawa 1905 na Kilima akapelekwa uhamishoni. Watu wale wale waliokuwa washirika mwaka 1903 wakawa waasi baada ya miaka miwili, kwa uamuzi uliofanywa na maofisa wachache waliokaa katika nyumba za kando ya ziwa Tanganyika. Ng'ombe, hata hivyo, hawakurudishwa.

Hapa ndipo nyumba hizi zinapoanza kusema yale ambayo karatasi haisemi. Tazama mahali zilipowekwa. Kandt hakujenga Nyanza, ilipokuwa ikulu ya Mwami Musinga wa Rwanda. Alijenga Kigali, katikati ya nchi, karibu kiasi cha kufikika na mbali kiasi cha kuwa na soko lake, wafanyabiashara wake na amri zake. Mji mkuu wa leo wa Rwanda ulikua kutokana na umbali huo. Hapa kwetu, Wajerumani walianza Usumbura kwa kuwa walikuja kwa njia ya ziwa, lakini ikulu za Mwami zilikuwa milimani, pande za Muramvya, na mtu wa ziwani hawezi kumsimamia mfalme wa milimani. Mwaka 1912 wakahamisha makao ya rezidenti kwenda Gitega na kujenga boma, ambalo kuta zake zingali zimesimama. Burundi ilipoufanya mji huo kuwa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, sababu iliyotajwa mara nyingi ilikuwa kwamba uko katikati ya nchi. Mjerumani wa 1912 aliliona jambo hilo hilo, kwa nia nyingine. Ukisimama mbele ya boma ukaangalia vilima vinavyoizunguka Gitega, unaelewa kwa macho namna utawala ule ulivyopimwa.

Sasa kuhusu kesi. Mwaka 2020 Seneti ya Burundi ilitangaza kwamba nchi ingedai fidia ya yuro bilioni 36 kutoka Ujerumani na Ubelgiji kwa madhara ya ukoloni, pamoja na kurudishiwa nyaraka na vitu vilivyochukuliwa kati ya 1899 na 1962. Faini ile ya ng'ombe 424 ni miongoni mwa mambo yaliyotajwa katika mjadala huo. Mtu anaweza kukubaliana na kiasi hicho au kukiona ni ndoto; hilo si jambo la makala hii. Ninachosema ni kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sehemu kubwa ya daftari letu haiko hapa. Majalada ya wizara ya makoloni yako Berlin. Kumbukumbu za Kijerumani zilizobaki katika eneo letu ziko Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa za Tanzania, na UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Za Wabelgiji ziko Brussels na Tervuren. Kilichobaki mikononi mwetu, ambacho hakuna aliyeweza kukipakia melini, ni majengo. Anayedai fidia huku akiacha boma libomoke anajipunguzia mwenyewe hoja.

Wapo watakaosema kwamba kuhifadhi nyumba ya mkoloni ni kumtukuza, na pingamizi hilo lina uzito. Makumbusho ya namna hii hupenda kumwonyesha mwenye nyumba akiwa msomi mpole aliyependa vipepeo na kuandika vizuri. Kuhusu Kandt hilo lina ukweli ndani yake: kwa kipimo cha maofisa wa wakati wake alikuwa mstaarabu, alijifunza, na alipenda kuongea kuliko kupiga. Lakini mwaka 1912, wakati yeye hayupo nchini, luteni Gudovius aliyeshika nafasi yake aliongoza askari kaskazini mwa Rwanda dhidi ya mwasi Ndungutse na wafuasi wake, watu wakauawa na vijiji vikachomwa. Ofisi ni ile ile, cheo ni kile kile, aliyebadilika ni mtu tu. Upole wa Kandt haukuzuia chochote, maana haukuwa sehemu ya mfumo. Angalia pia majina. Gorila wa milimani anabeba jina la kisayansi la Beringe, kapteni yule yule wa Kiganda, kwa sababu 1902 aliwapiga risasi gorila katika mlima Sabyinyo na mmoja akapelekwa Berlin. Kima wa dhahabu wa Virunga anabeba jina la Kandt. Na Berlin haikupokea wanyama tu: kutoka eneo la iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani zilichukuliwa pia mabaki ya binadamu, zaidi ya mafuvu 1,100, mengi ya Rwanda, ambayo watafiti wamekuwa wakichunguza asili yake katika miaka ya karibuni. Nyumba iliyohifadhiwa ikieleza hayo yote pamoja haimtukuzi mtu. Ikinyamaza, inamtukuza, kosa hapo ni la aliyeandika maelezo ukutani, si la ukuta.

Pingamizi la pili ni kwamba Wajerumani walikaa muda mfupi. Wabelgiji waliiteka Usumbura mwaka 1916 wakabaki hadi tarehe 1 Julai 1962, na sura ya Bujumbura tunayoiona leo, kuanzia barabara za Rohero, ni yao zaidi. Ni kweli. Lakini mfumo walioutumia Wabelgiji, wa kutawala kwa kumshika Mwami, waliurithi. Mpaka wetu wa magharibi na Kongo, unaofuata Ruzizi, ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 kati ya Wazungu, baada ya ugomvi wa miaka mingi juu ya Kivu ambao Kandt aliushuhudia akiwa Shangi. Na lugha hii unayoisoma ilipata nafasi yake mjini kwetu kwa mchango wa askari, makarani na wafanyabiashara waliokuja na utawala huo, juu ya msingi uliokwisha kuwekwa na misafara ya Ujiji. Mtu wa mtaa wetu wa Buyenzi anayeongea Kiswahili kila siku hahitaji kuambiwa kwamba kipindi kile kifupi kiliacha alama.

Wengine watasema kwamba kama kuna fedha ya kuhifadhi, itangulie kwenye urithi wetu wenyewe: ngoma za Gishora, makaburi na ikulu za Abami (wafalme), makumbusho ya Gitega yaliyoanzishwa 1955. Hapa sibishani. Ngoma za kifalme ziliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014 na zinastahili kutangulia. Ila boma la Gitega liko katika mji ule ule wa makumbusho ya taifa, na Gishora haiko mbali. Mgeni mmoja, kwa siku moja, anaweza kuona ufalme na kilichoukalia, na kila kimoja kitaeleweka vizuri zaidi kwa sababu ya kingine. Wala kitu cha mkoloni hakibaki mali ya mkoloni milele. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, ikaunganishwa Kigoma, ikazinduliwa 1915 ikiwa na jina la gavana Götzen, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916. Waingereza waliiibua na kuipa jina jipya. Mei 2015 meli hiyo ndiyo iliyowachukua maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Kwa waliopanda siku zile, Liemba ni meli iliyowaokoa.

Kuhusu safari yenyewe, ukweli ni kwamba Kigali si ya kwenda na kurudi kwa mtu wa Bujumbura kama zamani. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na siasa za majirani zina kawaida ya kufunga njia kabla ya kuzifungua. Hiyo ni sababu nyingine ya kuangalia kilichoko ndani ya nchi. Gitega iko kama kilomita mia moja tu mashariki mwa Bujumbura. Kusini, Rutovu, ipo piramidi ndogo iliyojengwa 1938 kwa kazi ya Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, aliyedai kwamba chanzo cha Nile kilicho kusini kabisa ni chetu na si cha Nyungwe. Ubishi huo kati ya wafuasi wa Kandt na wa Waldecker haujaisha, na kila nchi ina chemchemi yake ya kuonyesha wageni.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na linaelekezwa kwa wanaosimamia boma la Gitega na kwa walimu wa historia. Boma liezekwe na kutunzwa. Maelezo yake yaandikwe kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na yaanze na Mwezi Gisabo, Kiganda na ng'ombe 424, kabla ya kumtaja ofisa yeyote. Yaseme nani aliyebeba mawe, askari walikuwa akina nani, amri zipi zilitoka pale na zilimfikia nani. Wanafunzi wa Bujumbura wapelekwe wakaone wakiwa na maswali waliyoyaandaa darasani. Na wewe msomaji, safari ijayo ukipita Gitega kwa shughuli zako, tenga nusu saa uende kuliona.