Tanuru kama Mwili wa Kike: Picha na Utendaji wa Uyeyushaji Chuma Ufipa

Makala haya yanafafanua ujenzi wa jinsia katika uyeyushaji chuma wa Wafipa, mkoani Rukwa, ambao ulikoma katika karne ya 20. Tanuru refu la udongo, ilungu, lilitendewa kama bi harusi: lilipambwa na kutiwa dawa. Lilipowashwa likawa mjamzito, na chuma kikawa mtoto wake. Wayeyushaji, ambao walikuwa wanaume, walijitenga na wake zao hadi kazi ikamilike. Picha mnato huonyesha kuta za udongo tu. Mwili uliobadilika ulikuwa katika matendo na maneno. Kwa hiyo, picha za mabaki ya malungu hazina budi kusomwa pamoja na masimulizi waliyorithi wazee, kabla hayajatoweka.