Preston Sturges: mwandishi aliyeuza hadithi yake kwa dola 10

Msikilizaji, sisi tunaotayarisha michezo ya redio tunajua jinsi maneno ya mwandishi yanavyokatwa na kubadilishwa akishayakabidhi. Katika studio za filamu za Hollywood, Marekani, miaka ya 1930, hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwandishi alilipwa, hadithi ikachukuliwa, mwingine akaambiwa airekebishe, na wa tatu aimalize. Siku ya kupiga picha mwenye hadithi hakuwa na kauli.

Preston Sturges, mzaliwa wa Chicago mwaka 1898, alichoshwa na utaratibu huo. Alikuwa akilipwa vizuri, lakini mwaka 1939 aliiambia kampuni ya Paramount: chukueni hadithi hii kwa dola 10 tu, mradi niiongoze mimi mwenyewe. Wakakubali.

Ndiyo filamu ya *The Great McGinty*, iliyotoka mwaka 1940. Mzururaji mwenye njaa anaahidiwa dola 2 kwa kila kura atakayopiga kwa jina la mtu mwingine. Usiku mmoja anapiga kura 37! Bosi wa siasa anampenda, naye anapanda mpaka umeya, kisha ugavana. Anaharibikiwa siku anapoamua kuwa mwaminifu. (Mnaocheka huko, tunawasikia.) Hadithi hiyo ya dola 10 ilimpatia Sturges Oscar, na baada yake waandishi wengine, akiwemo Billy Wilder, nao waliruhusiwa kuongoza.

Kati ya 1940 na 1944 zilitoka filamu 8 alizoandika na kuziongoza. Tunayoipenda sisi ni *Sullivan's Travels* ya mwaka 1941. Mwongozaji tajiri wa vichekesho anaona aibu kuchekesha watu wakati wengine wana njaa. Anavaa matambara akaujue umaskini, na mwishowe anajikuta mfungwa kweli, miguu ina minyororo. Jioni moja wafungwa wanapelekwa kanisani kwa watu weusi maskini, wanaonyeshwa katuni ya mbwa Pluto. Kanisa zima linacheka. Naye anashangaa kujisikia anacheka.

Baadaye mambo yalimgeuka. Aligombana na Paramount kwa sababu ileile ya kukatiwa kazi yake, akaondoka. Ushirika wake na tajiri Howard Hughes ukavunjika, na mgahawa wake ukamla fedha. Alifariki mwaka 1959 katika hoteli ya Algonquin, New York, akiwa na miaka 60, akiandika kitabu cha maisha yake.