Losheni ya Mwani au ya Zinki: Hela Yako Iende Wapi?

Kaskazi imeingia, jua ni kali, na hela inatosha chupa moja tu. Rafuni kuna losheni ya zinki, ya kemikali, na sasa "ya mwani mwekundu". Uchukue ipi? Tuzipime moja moja.

Ya mwani. Mwani mwekundu hujitengenezea viambato vya kujikinga na jua. Ili kuvipata, mwani mkavu hulowekwa katika maji ya uvuguvugu, pengine yenye spiriti, huchujwa, kisha maji hukaushwa. Kilo nzima, hata ya aina nzuri, mara nyingi haitoi zaidi ya gramu 10. Ndiyo maana bei iko juu.

Viambato hivyo huzuia zaidi UVA, mionzi inayozeesha ngozi. UVB, inayobabua, hupita kwa wingi. Kwa hiyo chupa ya mwani yenye SPF kubwa, yaani namba ya kinga hasa dhidi ya UVB, huwa imeongezewa zinki au kemikali: unalipia mwani, kazi anafanya mwenzake.

Tahadhari: spinosum na cottonii, aina za mwani zinazolimwa Zanzibar, hutafutwa hasa kwa rojo linaloipa losheni uzito. "Ina mwani" inaweza kumaanisha rojo hilo tu. Kama hakuna namba ya SPF, hayo ni mafuta ya kulainisha ngozi. Na mwani wa kuloweka nyumbani hauna kipimo, usiuamini.

Ya zinki. Huzuia UVA na UVB, na ni salama kwa ngozi nyepesi kudhurika. Kasoro yake ni weupe kwenye ngozi nyeusi. Omba kujipaka kidogo mkononi kabla ya kulipa.

Ya kemikali. Haiachi weupe na hupatikana kirahisi, ila jasho likishuka inaweza kuwasha macho.

Gharama iliyojificha. Mwili mzima wa mtu mzima hutaka karibu ml 30, na kurudia kila saa mbili ukiwa juani. Chupa ya ml 50 haimalizi siku ufukweni. Gawa bei kwa ml: chukulia ml 50 kwa shilingi 40,000, ni 800 kila ml, ml 200 kwa 60,000 ni 300. Ukiagiza nje, jumlisha usafiri na ushuru. Chupa iliyoanikwa juani kwenye meza ya muuzaji, iache.

Uamuzi. Anza na kofia pana na nguo ya mikono mirefu. Vitu hivyo hurudii kununua kila mwezi. Kisha nunua SPF 30 au zaidi inayotaja UVA, upake uso, shingo na mikono. Mwenye ualbino aulize kwanza kliniki ya ngozi. Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza losheni kwa ajili ya wenye ualbino. Ya mwani isubiri hela ya ziada.