Nyumba za Gedi

Leo twende pamoja Gedi, mji wa kale uliomo msituni karibu na Watamu, kama kilomita 16 kusini ya Malindi. Ulaya watu husafiri mbali kutazama mabaki ya nyumba za matajiri wa Kirumi. Sisi wa Buruburu tunazo za kwetu pwani, safari ya usiku mmoja kwa basi.

Mji huu ulikaliwa karne nyingi, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kaburi moja lina tarehe ya Hijria 802, yaani mwaka 1399. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia.

Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mtu wa Buruburu hapotei humo: unaingia kwanza uani, kisha vyumba. Nyumba zetu za miaka ya 1970 nazo zilijengwa na nyua zake, ijapokuwa wengi wetu tumekwisha kuziziba tupate vyumba vya kupangisha! Vyoo vilikuwamo ndani. Nyuma kabisa kuna ghala lisilo na mlango; mwenyewe aliingia kwa ngazi, kupitia tundu la juu. Hapo tulisimama kitambo. Tajiri yule alilinda mali yake kuliko sisi na makufuli yetu yote.

Lakini jina lake halijulikani. Wachimbaji waliziita nyumba kwa vitu walivyookota ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Ushanga wa Venice.

Kwa nini waliondoka? Wataalamu hutaja mashambulizi, tena hutaja kupungua kwa maji visimani. Sisi tuliowahi kupanga foleni na madebe mfereji ukiwa mkavu, sababu hii ya pili hatuhitaji kuelezwa sana.

Na hao wote tuliowataja ni wenye mawe. Watu wa kawaida walikaa katika nyumba za udongo, kati ya ukuta wa ndani na ule wa nje. Nyumba hizo zimerudi ardhini, na mgeni huzikanyaga akikimbilia jumba la mfalme. Mkienda na watoto, nendeni asubuhi jua halijawa kali, na muwaonyeshe pia mahali pale pasipo na kuta.