Kaswende

Kaswende (pia: sekeneko) ni ugonjwa wa zinaa unaosababishwa na bakteria aina ya Treponema pallidum. Huambukizwa hasa kwa njia ya kujamiiana, na pia kutoka kwa mama mjamzito kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Ni miongoni mwa magonjwa ya zinaa yanayojulikana zaidi, pamoja na kisonono, klamidia, pangusa, malengelenge ya sehemu za siri na maambukizi ya VVU.

Kaswende hutibika kabisa kwa penisilini. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 8 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliambukizwa, na kwamba yalitokea matukio 700,000 hivi ya kaswende ya kuzaliwa nayo. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba dalili zake za mwanzo mara nyingi haziumi na hupotea zenyewe, huku ugonjwa ukiendelea mwilini.

Chanzo na namna ya kuambukiza

Treponema pallidum ni bakteria mwembamba sana aliyejipinda kama skrubu. Huingia mwilini kupitia utando laini wa sehemu za siri, njia ya haja kubwa au kinywa, au kupitia mchubuko mdogo wa ngozi, pale mtu anapogusana na kidonda cha mwenye ugonjwa. Kwa hiyo ngono ya ukeni, ya njia ya haja kubwa na ya mdomo zote zinaweza kuambukiza. Hata busu linaweza kuambukiza kama kuna kidonda kinywani.

Nje ya mwili bakteria huyu hufa upesi. Kaswende haiambukizwi kwa kuketi kwenye choo, kuoga bafu moja, kuazimana nguo wala kula chombo kimoja. Damu ya kuongezewa inaweza kuambukiza, ndiyo maana damu inayochangwa hupimwa kwanza kabla ya kupewa mgonjwa.

Dalili

Hatua ya kwanza huanza siku 10 hadi 90 baada ya kuambukizwa, mara nyingi karibu wiki ya tatu. Mahali bakteria walipoingia hutokea kidonda, kwa kawaida kimoja, chenye kingo ngumu na kisichouma. Tezi za kinena zinaweza kuvimba (mitoki). Kwa mwanamume kidonda huonekana kwa urahisi zaidi. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani ya uke au kwenye shingo ya kizazi, asijue kabisa kwamba kipo. Kutokuuma hukitofautisha na kidonda cha pangusa, na pia na malengelenge, ambayo huanza kwa vipele vya maji vyenye maumivu.

Baada ya wiki 3 hadi 6 kidonda hupona chenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea. Aliyepaka mafuta, aliyekunywa mitishamba, aliyemeza vidonge viwili vitatu vya dukani, na aliyeamini kwamba ni tego akaenda kwa mganga, wote huona kidonda kimefunga na kila mmoja huisifu dawa yake. Ukweli ni kwamba kingefunga hata bila dawa yoyote. Wakati huo bakteria wamekwisha kuenea mwilini kwa njia ya damu.

Hatua ya pili hufuata baada ya wiki au miezi michache. Upele usiowasha hutokea mwilini, na alama yake mashuhuri ni kwamba mara nyingi hufika hadi viganjani na kwenye nyayo. Mgonjwa anaweza pia kupata homa, koo kuuma, tezi kuvimba, mabaka kinywani, vinundu vyenye majimaji sehemu za siri na nywele kunyonyoka kwa mafungu. Dalili hizi nazo huondoka bila tiba.

Hatua ya tatu ni ya ukimya. Mtu hana dalili yoyote, na ni kipimo cha damu peke yake kinachoweza kuonyesha kwamba anaumwa. Ukimya huo unaweza kudumu miaka mingi.

Hatua ya mwisho huwapata baadhi ya wasiotibiwa, pengine miaka 10 hadi 30 baada ya kuambukizwa. Ugonjwa huharibu moyo, mshipa mkuu wa damu, mifupa, ngozi au ubongo, na unaweza kuleta wazimu, kupooza au kifo. Mfumo wa neva, macho na masikio vinaweza kushambuliwa katika hatua yoyote, hata mapema.

Kaswende wakati wa ujauzito

Madhara makubwa ya kaswende huwapata watoto ambao hawajazaliwa. Bakteria hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, hata kama mama yumo katika hatua ya ukimya na anajiona mzima. Mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa mfu, au njiti, au akafa siku chache baada ya kuzaliwa. Anayeishi anaweza kuwa na upele, kamasi zisizokoma, ini na bandama vilivyovimba na maumivu ya mifupa. Mwingine huonekana mzima anapozaliwa, kisha baadaye hupata uziwi, matatizo ya macho au meno yenye umbo lisilo la kawaida.

Utafiti uliofanyika mkoani Mwanza, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2002, ulichunguza wanawake ambao hawakuwa wamepimwa wakati wa ujauzito. Kati ya waliokutwa na kaswende kali katika damu, robo walijifungua watoto wafu. Sehemu ya pili ya utafiti huo ilihusu wajawazito waliopimwa kliniki na kuchomwa sindano moja ya penisilini. Hao hawakuwa na hatari kubwa kuliko wajawazito wasio na kaswende.

Kwa sababu hiyo kipimo cha kaswende ni sehemu ya huduma za kliniki ya wajawazito. Faida yake ni kubwa zaidi mama anapohudhuria mapema, kwa kuwa tiba inayotolewa zikiwa zimebaki siku chache kabla ya kujifungua huenda isimkinge mtoto vya kutosha.

Kaswende na VVU

Kidonda cha kaswende ni mlango wa VVU, kwa anayevipata na kwa anayeviambukiza. Kati ya mwaka 1991 na 1994 utafiti mwingine mkoani Mwanza ulilinganisha jamii 12. Katika jamii 6 huduma za magonjwa ya zinaa ziliboreshwa: wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa, dawa zilipatikana bila kukatika, na wagonjwa walihimizwa kuwaleta wenzi wao. Maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takriban 40%. Utafiti uliofuata wilayani Rakai, Uganda, ambako watu wote walipewa dawa kwa vipindi, haukuonyesha upungufu wa namna hiyo.

Upimaji

Kaswende hutambuliwa kwa kupima damu. Kuna vipimo vinavyotafuta kingamwili za bakteria mwenyewe, vikiwemo vya haraka vinavyotumia tone la damu ya kidoleni na kutoa jibu papo hapo. Baadhi hupima kaswende na VVU kwa pamoja. Vipimo hivi kwa kawaida huendelea kuonyesha alama maisha yote, hata kwa mtu aliyepona. Aina nyingine, kama RPR na VDRL, huonyesha ukali wa ugonjwa, na kiwango chake hushuka baada ya tiba. Hizo ndizo hutumika kufuatilia kama mgonjwa amepona.

Aliyeambukizwa siku chache zilizopita anaweza kupata jibu la kutokuwa na ugonjwa. Mwenye shaka anapaswa kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa.

Historia ya tiba

Kwa karne nyingi kaswende ilitibiwa kwa zebaki, ambayo ni sumu. Mwaka 1905 Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann waligundua bakteria wake mjini Berlin, Ujerumani, na mwaka 1906 August von Wassermann na wenzake walitangaza kipimo cha kwanza cha damu. Mwaka 1910 Paul Ehrlich alitoa dawa ya Salvarsan, iliyotengenezwa kwa aseniki. Mwaka 1943 John Mahoney wa Marekani alionyesha kwamba penisilini huiponya kaswende.

Huko huko Marekani, katika eneo la Tuskegee, jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali iliwafuatilia wanaume Weusi 399 wenye kaswende kuanzia mwaka 1932 hadi 1972. Hawakuelezwa ugonjwa wao, na hawakupewa penisilini hata ilipokuwa tiba ya kawaida. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997.

Tiba ya sasa

Kaswende ya mapema hutibiwa kwa sindano ya benzathini penisilini ya yuniti milioni 2.4, mara moja. Iliyokaa muda mrefu huhitaji sindano tatu, moja kila wiki. Ikifika kwenye ubongo, penisilini hutolewa kwa njia ya mshipa. Asiyeweza kutumia penisilini hupewa dawa nyingine kama doksisaiklini, lakini kwa mjamzito penisilini ndiyo tiba inayoaminika kumfikia mtoto. Homa na maumivu ya mwili katika saa 24 za kwanza baada ya sindano hutokea kwa baadhi ya wagonjwa, kisha hupita.

Tiba huua bakteria lakini hairudishi kiungo kilichokwisha kuharibika. Wala haileti kinga: aliyepona anaweza kuambukizwa tena, hasa kama mwenzi wake hakutibiwa.

Katika familia nyingi mke ndiye wa kwanza kujulikana kuwa na kaswende, kwa sababu ndiye anayepimwa kliniki. Kujulikana wa kwanza si kuwa chanzo cha ugonjwa. Kipimo hakisemi nani alimwambukiza nani, na ugonjwa unaweza kuwa mwilini mwa mmojawapo tangu kabla ya ndoa.

Kinga

Hakuna chanjo ya kaswende. Kunawa au kukojoa baada ya kujamiiana hakuzuii maambukizi. Njia zinazosaidia ni hizi:

- Kuacha ngono, au kuwa na mwenzi mmoja mwaminifu baada ya wote wawili kupimwa.
- Kutumia kondomu kila mara na kwa usahihi. Hupunguza hatari sana, ila haikingi sehemu isiyofunikwa.
- Kwenda zahanati kwa kila kidonda cha sehemu za siri, hata kisichouma na hata kikiwa kimekwisha kufunga.
- Kuanza kliniki mapema wakati wa ujauzito, mume na mke wakipimwa pamoja.
- Wenzi kutibiwa wote wawili, na kutojamiiana mpaka vidonda vimepona na angalau siku 7 zimepita tangu tiba ya wote.