Saint Paul: Nyumba zilizotelekezwa, bei nafuu yenye masharti

Katika mji wa Saint Paul, makao makuu ya jimbo la Minnesota nchini Marekani, nyumba iliyotelekezwa huuzwa kwa bei ya chini kuliko nyumba za jirani. Bei hiyo huwavutia wenye akiba ndogo, wakiwemo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki walioifanya miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul kuwa maskani yao. Je, nyumba ya namna hiyo hutambuliwaje, na ni wakati gani unafuu wake hugeuka kuwa mtego?

Wapenzi wasikilizaji, majira ya baridi ndiyo yanayofichua mengi. Sheria ya jiji humtaka kila mwenye nyumba aondoe theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu ndani ya saa 24 baada ya kuacha kuanguka. Kwa hiyo nyumba ambayo theluji yake haijakanyagwa siku tatu baadaye, na ambayo bomba lake la moshi halitoi hata mvuke ilhali baridi imefika nyuzi 20 chini ya sifuri, huenda haina mtu. Hapo pia ndipo ilipo hasara: maji yaliyoachwa ndani ya mabomba huganda, hutanuka na kuyapasua, kisha huharibu sakafu na kuta yanapoyeyuka.

Hata hivyo, yanayoonekana barabarani ni nusu tu ya habari. Idara ya Usalama na Ukaguzi ya jiji huweka orodha ya majengo matupu, iliyo wazi kwa umma, na huyagawa katika makundi matatu. Ya kundi la kwanza yana kasoro chache. Ya kundi la pili huhitaji ukaguzi kamili na idhini ya jiji kabla ya kuuzwa. Ya kundi la tatu, ambayo ni ya hatari, hayauzwi mpaka ukarabati ukamilike na cheti kitolewe. Mwenye jengo lililosajiliwa hulipa pia ada kila mwaka.

Tuchukue mfano wa kukisia. Nyumba inauzwa dola 120,000, ukarabati unaodaiwa na jiji ni dola 90,000, na nyumba nzima za mtaa huo huuzwa dola 220,000. Zinabaki dola 10,000, na bado hujalipa kodi, bima wala dalali. Anayetaka kupangisha naye ana hesabu yake: mnamo Novemba 2021 wapiga kura wa Saint Paul waliidhinisha kikomo cha ongezeko la kodi ya nyumba cha asilimia 3 kwa mwaka. Majengo mapya yalisamehewa baadaye, lakini mwenye nyumba kongwe hawezi kuvuka kikomo hicho bila ya kuwasilisha maombi maalumu.

Aina nyingine ni nyumba ambayo mwenyewe ameshindwa kulipa mkopo wa benki. Tangazo la mnada huchapishwa gazetini kwa wiki sita, kisha nyumba hunadiwa na sherifu wa kaunti ya Ramsey. Lakini mnada si mwisho. Kwa kawaida mwenye nyumba hupewa miezi sita ya kuikomboa, na muda wote huo ana haki ya kuendelea kuishi humo. Mnunuzi asiyelijua hilo hujikuta fedha zake zimefungwa.

Wapo pia wanaobisha hodi kwa mwenye shida na kumwahidi kwamba akiwaandikia hati ataendelea kukaa nyumbani kwake. Ili kuzuia ulaghai huo, Minnesota ilitunga sheria mwaka 2004 inayodai mkataba wa maandishi na kumpa mwenye nyumba nafasi ya kuuvunja katika siku chache za mwanzo.

Haki hiyo ya mwenye nyumba ilifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Ng'ambo ya mto, mjini Minneapolis, kaunti ya Hennepin iliuza kwa dola 40,000 nyumba ya ajuza Geraldine Tyler, aliyedaiwa kodi ya ardhi na faini zipatazo dola 15,000, ikabaki na fedha zote. Mwezi Mei 2023 majaji wote tisa waliamua kwamba serikali haina haki ya kuchukua zaidi ya deni lake.

Kwa hiyo, msikilizaji, kabla ya kutia saini, tazama nyumba imo kundi gani, soma ripoti ya ukaguzi ambayo muuzaji analazimika kuionyesha, na uliza katika ofisi za kaunti kama kuna deni au muda wa kukomboa. Ukimkuta mwenye nyumba bado yumo, mfahamishe kwamba taasisi ya Minnesota Homeownership Center humuunganisha na washauri bila ya malipo. Pengine ataamua kukuuzia kabla ya mnada, deni likalipwa, na kinachobaki kikawa chake.