Askari Aliyeparamia Vifaru: Nishani ya Ushujaa Hupatikanaje

Watu wengi waliona utepe wa rangi kifuani mwa askari wazee wa Keya wakadhani ni pambo tu, au malipo ya utumishi wa miaka mingi. Zipo nishani za utumishi, nazo zina heshima yake. Lakini nishani ya ushujaa ni jambo jingine: hutolewa kwa tendo lililofanywa mbele ya adui, na tendo hilo sharti liwe na mashahidi.

Mfano ni habari ya Sajini Nigel Leakey, aliyezaliwa Kenya mwaka 1913, akatumikia katika kikosi cha Keya, yaani King's African Rifles, kilichoandika askari wake Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941, huko Colito katika Uhabeshi, kombania mbili za Keya zilivuka mto Billate huku Waitalia wakipiga vikali. Zilikuwa zimeshika mahali padogo tu ng'ambo, wala hazikuwa na silaha kubwa, mara vifaru vikatokea vichakani nyuma yao.

Leakey alikuwa akipiga mota, na makombora yake yalikuwa yamekwisha. Alikiendea mbio kifaru kilichokuwa kikija, akaruka juu yake, akafungua kifuniko kwa nguvu, akawapiga risasi mkubwa wa kifaru na wenziwe kwa bastola. Dereva peke yake alimwacha hai, akamlazimisha kukipeleka mafichoni. Akajaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho, ukakataa. Basi akashuka, akaviwinda vingine kwa miguu, pamoja na sajini meja Mwafrika na askari wawili. (Hao watatu wasisahauliwe, maana walikwenda katika risasi zile zile.) Vifaru viwili viliwapita. Leakey akaparamia cha tatu, akafungua kifuniko, akamwua mtu mmoja. Hapo kifaru cha nne kikampiga kwa bombom, akaanguka. Ndio ulikuwa mwisho wake, lakini siku hiyo Keya walishinda.

Habari za tendo kama hilo huandikwa na wakubwa wa kikosi, hupelekwa ngazi kwa ngazi, hata zimfikie mfalme. Safari hiyo yaweza kuwa ndefu mno. Nishani ya Leakey, Victoria Cross, ilitangazwa tarehe 15 Novemba 1945, vita vyenyewe vimekwisha, naye amekufa zaidi ya miaka minne.

Nishani hiyo ilianzishwa na Malkia Victoria mwaka 1856. Si ya dhahabu, ni ya shaba nyeusi, na hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo. Haiangalii cheo: Leakey alikuwa sajini tu. Nyingine ziliangalia. Tangu vita vya kwanza, ofisa shujaa aliweza kupata Military Cross, na askari wa chini Military Medal, ya fedha, iliyoanzishwa mwaka 1916. Askari wa Keya waliipata hiyo ya fedha kwa matendo yao vitani. Tofauti hiyo iliondolewa mwaka 1993, Military Medal ikakomeshwa, na tangu hapo ofisa na askari hupewa msalaba ule ule.